Uji wa Kirusi katika Jiko la Bujumbura

Askari aendaye zamu alfajiri na mtoto aendaye shule huondoka nyumbani karibu saa moja. Kikombe cha chai ya rangi peke yake hakiwafikishi adhuhuri. Ndiyo maana katika mitaa ya Bujumbura, Buyenzi ikiwa mmojawapo, uji ungali na heshima yake. Warundi huuita igikoma.

Warusi nao, kwa sababu ya baridi kali ya nchi yao, hutegemea uji mzito uitwao kasha. Ule wa asubuhi aghalabu hupikwa kwa oti, nafaka iliyo ndugu ya ngano na shayiri. Zamani chungu kiliachwa ndani ya tanuri, uji ukaiva polepole kwa joto lililosalia. Siri yake ni kutokuwa na pupa.

Kwa watu wanne, chemsha maji vikombe 3 pamoja na maziwa vikombe 3. Tia chumvi nusu kijiko cha chai na sukari kijiko kimoja cha mezani. Mimina oti zilizopondwa bapa vikombe 2, huku ukikoroga kwa mwiko. Punguza moto, upike kwa dakika 15. Kisha ondoa makaa, tia kipande cha siagi, funika, uache sufuria juu ya majivu ya moto kwa dakika 10. Uji utakuwa laini, na makaa yatabaki kwa kazi nyingine.

Oti zitokazo ng'ambo si za kila mfuko, lakini mapishi hayo hayahitaji nafaka ya kigeni. Vuruga unga wa mtama kikombe kimoja na nusu kwa maji baridi ili usifanye madonge. Umimine katika maji yachemkayo, yote yawe vikombe 4. Pika dakika 20, ongeza maziwa vikombe 2, uache uchemke tena, kisha ufunike vivyo hivyo. Karanga zilizosagwa zaweza kushika nafasi ya siagi.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2016-2017 ulionyesha kuwa nchini Burundi watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Uji mwepesi hujaza tumbo la mtoto bila kumlisha. Uji wa kumjenga ni ule ushikao kijiko, wenye maziwa au karanga ndani yake.