Mchwa na Mche wa Mkaratusi

Mtu wa kwetu Rusimbi, juu ya ziwa, aliyepanda mikaratusi yake Novemba, mvua zilipokolea, akaipalilia na kuilinda na mbuzi za majirani, aghalabu hupatwa na simanzi ifikapo Julai, wakati pepo za kusi zinavuma ziwani na ardhi imekauka, anapouona mche uliokuwa kijani kibichi juzi umenyauka leo, na akiushika kwa vidole viwili tu, ukang'oka bila ya kushindana. Mimi nimepata kuushika mche wa namna hiyo. Pale shina linapokutana na mizizi, gamba lilikuwa limegugunwa duara zima, mti umebaki mweupe kama mfupa, na juu ya jeraha umepakwa udongo mbichi kwa ustadi mithili ya lipu ya fundi.

Mharibifu huyo ni mchwa, ambaye wengi humhesabu katika jamaa ya chungu, ilhali nasaba yake hasa ni ya mende. Mchwa wa vichuguu vyetu ni mkulima: huchukua kuni na majani makavu, akavijenga chini kwa chini kama masega, akaotesha ukungu juu yake, na ukungu huo ndio unaomlainishia chakula. Uyoga mnene tunaouchuma kichuguuni huchipuka katika shamba hilohilo, na kumbikumbi tunaowakaanga mvua zinapoanza ni wanawe walioota mbawa.

Basi miti ya miombo imeishi na mchwa hawa dahari nyingi, ikajizatiti. Bali mkaratusi asili yake ni Australia, ambako mchwa wapo, lakini hawa wakulima wa ukungu hawapo kabisa. Hata hivyo, ukishapita miaka yake miwili ya mwanzo, aghalabu husalimika. Hatari kubwa ni ya uchanga, na hasa kwa mche uliodhoofika kwa kiu, au ambao mizizi yake ilijizungusha ndani ya kiriba ikapandwa vivyo hivyo, imejikunja.

Zamani dawa ilikuwa aldrin na dieldrin, sumu zinazodumu ardhini miaka mingi na kujilimbikiza katika mafuta ya viumbe, hata zikapigwa marufuku kwa Mkataba wa Stockholm wa 2001. Nasi tulio juu ya ziwa hatuna udhuru wa kuzitamani, maana mvua ya mlimani haiishii mlimani, nao migebuka na dagaa ndio kitoweo chetu.

Watu wengine huchimba kichuguu wamtoe malkia, lakini wako mchwa wengine wenye viota vidogo, vilivyotawanyika chini, visivyoonekana juu. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kulifyeka shamba likawa jeupe na kuchoma kila kijiti, kwani mchwa aliyenyimwa riziki yake ya kuni zilizokufa hana budi kuugeukia mti hai. Jirani yangu sasa huacha matawi makavu katikati ya mistari, mbali na mashina, na kabla ya kupanda hupasua kiriba akakata kwa kisu mizizi yote iliyojipinda.