Usipoziba Ufa: Chimbuko na Utunzaji wa Programu Huria ya OpenMRS

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili hulikuta neno "huria" katika "soko huria", na vilevile katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Katika taaluma ya tarakilishi, programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watungaji wake, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kuusambaza. Ieleweke kwamba huria si bure. Kiingereza hulitumia neno moja kwa dhana hizi mbili na hivyo kuzua utata, Kiswahili kinazitenganisha. Programu huria haidai ada ya leseni, lakini inadai kazi. Makala haya yananuia kueleza kazi hiyo ni ipi na nani huifanya, kwa kurejelea programu ya OpenMRS ambayo chimbuko lake limefungamana na mji wa Eldoret.

Kutoka Mosoriot hadi Eldoret

Mnamo mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kilichoko kando ya barabara ya Eldoret kuelekea Kapsabet, kilianza kuhifadhi rekodi za wagonjwa katika tarakilishi. Mfumo huo ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na ulijengwa kwa programu ya Microsoft Access. Mwaka huo huo ulianzishwa mpango wa AMPATH wa kukabiliana na Ukimwi, ambao makao yake ni katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Idadi ya wagonjwa ilipopanda, mfumo wa awali ulielemewa.

Mwaka wa 2004, Dkt. Burke Mamlin na Dkt. Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief mjini Indianapolis walifika Eldoret kuutafutia ufumbuzi. Badala ya kukitia kiraka chombo cha kale, waliamua kuunda kingine kipya na kukiacha wazi kwa wengine. Walishirikiana na shirika la Partners In Health pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. OpenMRS ilianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006, na katika mwaka uo huo ikafika Rwanda na Afrika Kusini. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 40, na mfumo wa KenyaEMR unaotumiwa katika vituo vingi vya afya nchini Kenya umejengwa juu yake.

Kamusi ya dhana

Siri ya programu hii kuenea ni muundo ambao mwanaisimu atautambua mara moja. Mifumo ya awali ilitenga safu moja ya jedwali kwa kila swali la daktari. Swali likiongezeka, jedwali lote lilibomolewa na kujengwa upya. OpenMRS hutumia kamusi ya dhana. Kila jambo linaloweza kurekodiwa hupewa nambari, na majina huambatishwa kwa nambari hiyo. Katika kamusi ya CIEL, inayotumiwa na wengi wa watumiaji wa OpenMRS, nambari 5089 ni uzito wa mgonjwa kwa kilogramu. Jina laweza kubadilika kutoka lugha moja hadi nyingine, nambari haibadiliki. Kwa maneno ya de Saussure, kiashiria kinaweza kuwa kingi ilhali kiashiriwa kikabaki kimoja. Hivyo kliniki ya lugha yoyote yaweza kuongeza istilahi zake pasi na kuugusa msimbo.

Programu hutunzwaje?

Tenzi za kale zilinakiliwa kwa mkono, na kila mnakili aliweza kuongeza ubeti, kusahau mshororo au kurekebisha neno. Mhakiki wa leo hukabiliwa na miswada inayotofautiana asijue ni ipi iliyo karibu na kauli ya mtunzi. Programu huria nayo ina wanakili wengi, lakini imewekewa utaratibu. Upo mswada mkuu mmoja. Anayetaka kuurekebisha huchukua nakala, huitia marekebisho yake, kisha huyawasilisha. Watunzaji huyasoma, huyajaribu, huhoji, kisha huyakubali au huyarudisha. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelileta na tarehe yake.

Kazi hii haina kikomo. Mnamo Desemba 2021 ilitangazwa hadharani kasoro kubwa ya usalama katika Log4j, kipande kidogo cha msimbo wa Java kilichotunzwa na watu wachache wa kujitolea. Wenye programu za Java kote ulimwenguni walilazimika kukagua kazi zao upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni siri na matibabu ya wagonjwa.

Hapa ndipo swali la uchumi linapozuka. Seva, umeme na mishahara ya waandishi wa msimbo havina uhuria. Sehemu kubwa ya gharama hizo imelipwa na wafadhili wa nje. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada ya nje, na Julai mwaka huo shirika la USAID, lililokuwa miongoni mwa wafadhili wakuu wa AMPATH, likafikia mwisho wake. Leseni huria inahakikisha kwamba hakuna awezaye kuunyakua msimbo. Haihakikishi kwamba atakuwapo wa kuutunza. Uhuru wa kurekebisha humfaa tu mwenye ujuzi wa kurekebisha.

Nafasi ya Kiswahili

Utunzaji si kazi ya wahandisi pekee. Mgonjwa akisema ana "homa", je, ana joto jingi mwilini au ana mafua? Nchini Kenya neno hilo hubeba maana zote mbili, na atakayeliambatisha kwa nambari isiyo yake atapotosha rekodi. Kazi hiyo yahitaji mtu aliyebobea katika semantiki na istilahi.

Historia inatoa funzo jingine. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Mwaka wa 2011 kampuni ya Oracle iliacha kuiendeleza OpenOffice.org na kuikabidhi kwa wakfu wa Apache. Tafsiri hufungwa na toleo lake. Toleo likipitwa na wakati na tafsiri isiongezwe, jasho la watafsiri huwa kumbukumbu tu.

Hitimisho

Imebainika kwamba programu huria ni mali ya wengi, na mali ya wengi huharibika pale kila mmoja anapodhani mwenzake anaitunza. Chuo Kikuu cha Moi, ambacho shule yake ya tiba ilishiriki kuizaa OpenMRS, kina pia idara ya Kiswahili. Tafsiri za OpenMRS hupokelewa kutoka kwa yeyote aliye tayari kujitolea. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo; kinga ya Kiswahili inasubiri wa kuileta.