Abiria Aulizwe kama Mgonjwa

Mgonjwa wetu ana desturi ya adabu inayoweza kumpoteza daktari. Ukimwuliza, "Hujambo?" atajibu, "Sijambo," hata ikiwa ameingia chumbani akiegemea ukuta. Ugonjwa hutajwa baadaye, salamu zikiisha.

Niliikumbuka desturi hiyo asubuhi moja kituoni, jijini Dar es Salaam, kijana mwenye dodoso alipomwuliza mama mmoja mtu mzima, "Mama, umeridhika na huduma ya usafiri?" Mama akajibu, "Tunamshukuru Mungu." Kijana akatia alama ya vema penye "nimeridhika", akasogea kwa mwingine. Hapo mama akanigeukia: "Mwanangu, hili ni basi la tatu linanipita."

Mabasi yaendayo haraka, maarufu kwa jina la mwendokasi, yalianza kuchukua abiria Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, na mwaka 2018 jiji likatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Hizo ni sifa za mfumo. Namna abiria anavyofika aendako ni swali jingine, nalo linatuhusu sisi waganga. Kabla ya kumpima mtu shinikizo la damu humketisha walau dakika tano, kwani aliyefika akihema huweza kuonekana mgonjwa kuliko alivyo. Kifua kikuu nacho huenea kwa hewa. Katika msongamano, dirisha lililo wazi si jambo dogo.

Kliniki hatumwulizi mgonjwa wa tezi dume kama ameridhika na mkojo wake. Twamwuliza ameamka mara ngapi usiku. Abiria naye aulizwe yaliyotokea: leo mabasi mangapi yamekupita kabla hujapanda? Umesimama kwa muda gani? Dirisha la karibu nawe lilikuwa wazi? Je, mwezi huu umewahi kukosa miadi ya hospitali kwa sababu ya usafiri? Tena anayeuliza asivae sare ya mwenye mabasi, maana mbele ya sare watu husifu.

Kuna kasoro kubwa zaidi. Aliyekata tamaa hayuko kituoni. Bibi mwenye magoti mabovu, mama mjamzito aliyewahi kuzimia katika msongamano, kijana wa kiti cha magurudumu: hao wamekwisha kuhamia kwenye bajaji, au wamebaki nyumbani. Kuwauliza waliomo ndani ya basi pekee ni sawa na kupima ubora wa dawa kwa kuwauliza wagonjwa waliorudi kliniki tu. Watafutwe kwenye vituo vya daladala, kwenye benchi za zahanati, hata majumbani. Na walio kituoni waulizwe saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne mabasi yakiwa na nafasi.

Maswali sita yanatosha. Abiria wa jioni ana njaa, wala hana subira ya ukurasa wa pili.