Chumvi ya Katwe si Bahari: Mwongozo kwa Mwalimu Anayetaka Kufuga Samaki wa Maji ya Chumvi

Makala haya mafupi yametokana na jambo lililonikuta Bwera nilipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa akifundisha msamiati wa baharini. Ukutani alibandika picha ya samaki mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe. Darasa zima lilimtambua kutokana na filamu ya katuni ya mwaka 2003, Finding Nemo. Hata hivyo, hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuiona bahari.

Baada ya kipindi, mwalimu huyo kijana aliniambia: "Mwalimu, klabu yetu ya Kiswahili imechanga fedha. Tutanunua tangi la kioo na samaki wawili kama hawa. Maji tutachota bombani, chumvi tutaitoa Katwe."

Niliipenda nia yake, lakini mpango ulinitia hofu. Wanafunzi wangepoteza fedha zao, na samaki wangekufa mbele ya macho yao. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini, na njia iliyo bora ni ipi.

Samaki mwenyewe

Hapa nitamwita samaki-klauni. Jamii yake kisayansi ni Amphiprion. Miamba ya matumbawe ya Afrika Mashariki ina aina zake, kama vile Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi. Yule anayefanana na wa filamu, Amphiprion ocellaris, asili yake ni bahari za mashariki zaidi, hasa Asia ya Kusini-Mashariki. Porini huishi katikati ya minyiri ya anemoni, mnyama wa baharini anayewasha kama upupu, na hapo hupata kinga dhidi ya maadui. Ndani ya tangi anaweza kuishi vizuri bila anemoni. Anayeanza asimnunue anemoni, kwani huhitaji mwanga mkali na maji yaliyokwisha kutulia kwa muda mrefu.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi: samaki-klauni wote huanza maisha wakiwa madume. Aliye mkubwa kuliko wote katika kundi hugeuka kuwa jike. Kwa hiyo, ukinunua wachanga wawili, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake, kwa kawaida watajipanga wenyewe kuwa jozi.

Kwa nini si chumvi ya Katwe?

Wenyeji wa Kasese wanaijua chumvi kuliko watu wengi wa bara. Ziwa Katwe limekaa ndani ya kreta isiyo na mto wa kutoa maji, na watu wamevuna chumvi humo kwa karne nyingi. Lakini kuwa na chumvi si kuwa bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kati ya hizo, gramu 30 hivi ni sodiamu na kloridi. Zinazobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vitu vingine, kila kimoja kwa kiasi chake. Maji ya Katwe yana kaboneti na salfeti kwa wingi, na ukali wake wa magadi hufikia pH ya 10 hivi, ilhali bahari ina 8.1 hivi. Samaki-klauni hawezi kustahimili hali hiyo. Chumvi ya mezani nayo haifai: haina magnesiamu na kalsiamu ya kutosha. Inayotakiwa ni chumvi maalumu iliyochanganywa kwa ajili ya matangi ya baharini.

Kutayarisha maji

Kwa anayeanza, tangi la lita 80 ni dogo la kutosha. Dogo zaidi ya hapo huleta taabu, kwa sababu maji machache huchafuka na kupata joto upesi. Maji, kioo, mchanga na mawe kwa pamoja vitapita kilo 100, basi meza iwe imara. Vinahitajika pia chujio, pampu ya kuzungusha maji, kipimajoto, kipimo cha chumvi, na vipimo vya amonia, nitriti na nitrati.

Lita 80 zitahitaji kilo 2.8 hivi za chumvi. Ikorogee ndani ya ndoo safi, kamwe si ndani ya tangi lenye samaki. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Kwa hali ya hewa ya Kasese, hatari iliyo kubwa ni joto kuzidi, basi tangi lisikae dirishani penye jua.

Subira ya wiki sita

Hapa ndipo wengi hukosea. Maji yakiwa tayari machoni, bado hayako tayari kwa samaki. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana kwenye mawe na chujio. Tia chembe za chakula cha samaki katika tangi tupu, upime kila baada ya siku chache. Amonia na nitriti zikipanda, kisha zikashuka hadi sifuri, ndipo uwalete samaki. Baada ya hapo, badilisha asilimia 10 hivi ya maji kila wiki kwa maji mapya ya chumvi.

Onyo la kilugha

Vitabu husema kwamba maji yakipungua kwa kukauka, "ongeza maji baridi". Mwanafunzi wa bara anaweza kwenda kuchota maji ya friji! Katika istilahi hii, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, kama ya ziwa au mto. Watoto wa Katwe huelewa sababu mara moja, kwani ndivyo chumvi inavyovunwa kwao: maji hupaa, chumvi hubaki. Ukiongeza ya chumvi kila mara, tangi litazidi kuwa kali.

Hitimisho

Swali la mwisho ni umeme. Ukikatika kwa saa nyingi, maji hayazunguki na samaki hukosa hewa. Shule isiyo na pampu ya betri isianze. Na atakayeanza aulize kama samaki wamezaliwa ndani ya matangi. Hao huzoea maisha hayo kuliko waliovuliwa mwambani na kusafirishwa takriban kilomita 1,500 kutoka pwani.

Klabu ile ya Bwera ilishauriana upya. Imeanza na ngege wachanga wa maji baridi kutoka kwa mfugaji wa mabwawa, ambao wakikua watarudishwa kwake. Fedha iliyobaki imewekwa akiba kwa ajili ya betri. Nilipopita tena, wanafunzi walikuwa wakiandika kila siku katika daftari moja, kwa Kiswahili: joto la maji, chakula kilicholiwa, maji yaliyoongezwa. Picha ya samaki-klauni ingali ukutani. Chini yake mmoja wao ameandika: Ukiona vyaelea, vimeundwa.