Resini ya epoksi nyumbani: Linda ngozi na watoto kabla ya kumimina

KWENYE video za simu kazi hii inaonekana rahisi. Mtu anachanganya vimiminika viwili, anamimina kwenye kalibu ya silikoni, na baada ya sekunde chache anatoa kishikio cha funguo kinachong'aa kama kioo, ndani yake kuna ua ambalo halijapoteza rangi. Video haionyeshi saa 24 hadi 72 za kusubiri kigande, wala haisemi watoto walikuwa wapi wakati huo wote.

Kwa mama au baba wa Mbulu au Hanang anayetafuta kazi ya mikono ya kufanya nyumbani, resini ya epoksi inavutia kwa sababu haihitaji mashine wala umeme mwingi, na vitu vya kuweka ndani vimejaa hapa hapa. Kuna masuke ya ngano ya Basotu, maua ya porini, shanga, na vipande vya mbao vinavyobaki kwa fundi seremala. Hereni, vishikio vya funguo na vibao vya kuwekea vikombe ni zawadi zinazofaa kwenye kipaimara, harusi na mahafali.

Lakini hii ni kemikali, na nyumba ina watoto. Kabla hujatoa fedha, jua unaingiza nini ndani.

Inavyofanya kazi

Epoksi ilivumbuliwa na wanakemia wa Uswisi na Marekani kati ya miaka ya 1930 na 1940. Ni ndugu wa ile gundi ya mirija miwili inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na wa sakafu zinazong'aa ambazo mafundi wanamwaga kwenye nyumba za mjini.

Huja kwenye chupa mbili. Chupa A ni resini yenyewe. Chupa B ni ya kuigandisha. Zikikutana, chembe za A hushikana na za B moja kwa moja, joto hutoka, na uji huo unageuka kuwa kitu kigumu. Huwezi kuurudisha nyuma.

Ndiyo maana kipimo ni kila kitu. Kama maelekezo yanasema moja kwa moja, mililita 30 za A huenda na mililita 30 za B. Kama ni mbili kwa moja, mililita 40 za A huenda na 20 za B. Wengi hudhani wakizidisha chupa B kitu kitakauka haraka. Sivyo. Kinachozidi hakipati cha kushikana nacho, na kazi inabaki ikinata kwa wiki nzima. Angalia pia kama maelekezo yanataka upime kwa ujazo au kwa uzito, kwa sababu vipimo hivyo viwili havilingani. Bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa linapima vizuri kiasi kidogo. Tumia moja kwa A na jingine kwa B.

Baridi ya Mbulu ni changamoto

Resini nyingi za kazi za mikono hutaka chumba chenye joto la nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi. Mbulu iko juu, na Katesh imekaa chini ya Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi na usiku ni baridi kali. Kwenye baridi resini inakuwa nzito kama asali, mapovu yanakwama ndani, na juu unaweza kutokea utando wenye mafuta mafuta.

Dawa yake ni ndogo. Funga vizuri vifuniko vya chupa zote mbili, zikalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, kisha zikaushe kabisa kabla ya kufungua. Fanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri.

Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili upate joto. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo inaweza kuua mtu akiwa usingizini. Wala usichemshe chupa ya resini kwenye mafiga.

Ngozi ikishakataa, imekataa

Hatari kubwa ya epoksi kwa anayefanya kazi nyumbani ni mzio wa ngozi. Mtu anaweza kuigusa kwa wiki au miezi bila dalili yoyote, halafu siku moja mikono inawasha, inakuwa myekundu na kutoa malengelenge. Wakati mwingine ni kope na uso vinavyovimba, kwa sababu ya mvuke au vumbi. Mwili ukishaanza kuikataa epoksi, kwa kawaida haurudi nyuma. Tone dogo tu litaamsha tatizo, hata miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo kinga huanza tone la kwanza, hata kama ngozi yako haijawahi kulalamika:

• Vaa glavu za nitrili. Glavu za mpira za kawaida hazizuii epoksi vya kutosha. Zikichafuka, zivue na uvae nyingine.

• Vaa nguo ya mikono mirefu na miwani ya kukinga macho.

• Ikigusa ngozi, futa kwa karatasi kavu kisha osha kwa sabuni na maji. Usitumie petroli, asetoni wala spiriti. Hizo huondoa mafuta ya ngozi na kuirahisishia kemikali njia ya kuingia.

• Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

• Fanya kazi barazani au kwenye chumba chenye madirisha mawili wazi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Mwenye pumu asikae karibu.

• Piga msasa kitu kilichokauka kabisa tu, ukilowesha kwa maji ili vumbi lisiruke.

Mama mjamzito ni vyema asubiri, au azungumze kwanza na wahudumu wa kliniki yake.

Ukipata vipele visivyoisha, nenda zahanati au kituo cha afya, na umweleze mhudumu unachoshika. Piga picha lebo za chupa uende nazo. Tatizo likizidi, Hospitali ya Haydom iko wilayani Mbulu, na KCMC mjini Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992.

Watoto wapewe kazi nyingine

Mtoto akikuona unafurahia, atataka kushika. Mpe kazi ya mwanzo, mbali na chupa. Aokote masuke, apange shanga, akaushe maua katikati ya kurasa za daftari kuukuu kwa wiki mbili. Kazi hiyo ni muhimu kweli, kwa sababu ua lenye unyevu huoza na kutia ukungu ndani ya resini. Kuchanganya na kumimina ni kwa mtu mzima.

Usinunue resini iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda au ya maji, na wewe usiihamishe. Watoto wengi wamekunywa mafuta ya taa kwa mtindo huo huo. Nunua chupa zenye lebo na maelekezo, na zifungie juu kwenye kabati. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa yake.

Maneno "haina sumu" kwenye lebo mara nyingi huhusu kitu kilichokwisha kukauka, si vimiminika vilivyo chupani. Hata kikikauka, usitengeneze sahani, vikombe wala kitu ambacho mtoto mchanga atatia mdomoni. Kalibu ya silikoni uliyoitumia kwa resini isirudi kuokea keki. Resini nyingi pia hulainika kwenye joto, na kikombe cha chai ya moto huacha alama.

Siku ya kwanza

Anza na vishikio vya funguo vitatu. Kimoja kidogo hutumia mililita 5 hadi 10, hivyo mchanganyiko wa mililita 30 unatosha.

Tandika nailoni mezani, hakikisha meza haijainama. Pima A, pima B, changanya polepole kwa dakika tatu hadi tano ukikwangua pembeni na chini ya kikombe. Ukikoroga kwa kasi utaingiza mapovu. Mimina nusu ya kina, weka ua au suke kwa kijiti cha meno, kisha jaza. Toboa mapovu yaliyobaki, ufunike kwa boksi ili vumbi na inzi visitue. Usiguse hadi kesho.

Mabaki kwenye kikombe yakiwa mengi hupata moto, na yanaweza kutoa moshi na kuyeyusha kikombe. Yaweke nje juu ya udongo, mbali na watoto na mifugo, yagande ndipo utupe. Usiyamwage chooni wala mtaroni.

Kuhusu fedha, usikimbilie mkopo wa VICOBA kwa ajili ya kazi ambayo bado haijauzika. Tengeneza vichache, andika gharama ya resini, glavu na kalibu, uone watu wananunua kwa bei gani. Kikundi kikishasimama, kuna SIDO, inayohudumia viwanda vidogo tangu 1973, na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Katika hesabu hiyo ya gharama, glavu zisiwe za kwanza kukatwa. Fedha za glavu zikikosekana, ahirisha kumimina. Resini iliyofungwa vizuri itakusubiri.