Jinsi vyuo vya Uingereza vinavyoteua wanafunzi kabla ya matokeo

NCHINI Kenya, mtahiniwa wa KCSE husubiri matokeo yatangazwe ndipo aamue kozi atakazoomba kupitia KUCCPS. Nchini Uingereza mambo huenda kinyume. Kijana huomba chuo, na mara nyingi huahidiwa nafasi, miezi kadhaa kabla ya kuufanya mtihani wake wa mwisho. Mzazi anayetamani kumpeleka mwanawe huko hana budi kuuelewa utaratibu huo, kwani ndio unaoamua nani ataingia na nani ataachwa nje.

Takriban maombi yote ya shahada ya kwanza hupitia shirika moja, UCAS, lililoundwa mwaka wa 1993. Mwombaji huruhusiwa kuchagua kozi zisizozidi 5. Anayetaka kusomea udaktari wa binadamu, wa meno au wa mifugo hawezi kuomba zaidi ya nafasi 4 katika fani hiyo. Makataa ya kozi nyingi za aina hiyo, pamoja na kozi za vyuo vya Oxford na Cambridge, ni Oktoba 15. Nyingi za kozi zilizosalia husubiri hadi Januari.

Kwa kuwa matokeo ya mtihani wa A-Level hutolewa Agosti, vyuo hutegemea alama ambazo walimu wanakadiria kwamba mwanafunzi atapata. Aidha, hutazama matokeo ya GCSE na maelezo ambayo mwombaji ameandika kujihusu. Baadhi ya vyuo huandaa pia majaribio na mahojiano. Chuo kikiridhika hutoa ahadi yenye masharti: nafasi ni yako iwapo utapata, tuseme, A mbili na B moja. Mwombaji hushika ahadi moja kuwa chaguo lake kuu na nyingine kuwa ya akiba. Zote mbili zikimponyoka, huwania nafasi zilizobaki katika awamu iitwayo Clearing.

Wahenga walituonya dhidi ya kuandikia mate ilhali wino upo. Mwaka wa 2016, mtafiti wa elimu Gill Wyness alionyesha kwamba ni asilimia 16 pekee ya waombaji waliopata alama zile zile walizokadiriwa. Wengi walikuwa wamekadiriwa alama za juu kuliko walizopata hatimaye. Hata hivyo, miongoni mwa wanafunzi hodari, wale waliotoka katika familia maskini walielekea zaidi kukadiriwa chini ya uwezo wao. Kijana wa aina hiyo huenda asithubutu kuomba chuo ambacho angekimudu.

Hatari ya kubahatisha ilidhihirika zaidi mwaka wa 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya Covid-19. Mfumo wa kompyuta uliotumiwa England ulishusha karibu asilimia 40 ya alama zilizotolewa na walimu. Wanafunzi waliandamana, na mnamo Agosti 17 serikali ikasalimu amri. Mwaka uliofuata serikali ilikusanya maoni kuhusu kuteua wanafunzi baada ya matokeo, lakini pendekezo hilo likatupiliwa mbali mwaka wa 2022.

Kuhusu kozi zenyewe, mwanafunzi wa England huteuliwa kusomea somo mahususi tangu siku ya kwanza, na shahada nyingi huchukua miaka 3. Scotland huchukua miaka 4, na huwapa wengi nafasi ya kuonja masomo mbalimbali kabla ya kubobea. Udaktari huchukua miaka 5 au 6, nao uanasheria husomwa moja kwa moja kutoka shule ya upili. Wapo pia wanaounganisha masomo mawili, au wanaotumia mwaka mzima kazini au ng'ambo.

Wanawake ndio wengi vyuoni humo. Katika mwaka wa masomo wa 2022/23, wanafunzi wa kigeni walizidi 700,000 kati ya takriban milioni 2.9, India na China zikiongoza kwa idadi. Sababu moja ya vyuo kuwakaribisha ni pesa. Mwenyeji wa England alitozwa hadi pauni 9,535 katika mwaka wa 2025/26, ilhali karo ya mgeni haina kikomo cha kisheria.

Kwa Mkenya, kuna afueni na kikwazo. Afueni ni kwamba anayeomba akiwa tayari na matokeo ya KCSE hahitaji kukadiriwa. Wino wake umekwisha kukauka. Kikwazo ni kwamba vyuo vingi haviuchukulii mtihani huo kuwa sawa na A-Level, hivyo humtaka asome kwanza mwaka mmoja wa matayarisho. Mwaka huo nao una karo yake. Ni heri mzazi auingize katika hesabu kabla ya kuuza shamba, wala si baada ya mwana kupanda ndege.