Mstari mwekundu kwenye kipimo cha malaria ni dhahabu

Ukipimwa malaria kwa kipimo cha haraka kwenye zahanati ya Muleba au Bukoba, ule mstari mwekundu ni dhahabu. Ndiyo, dhahabu kama ya Geita, ila chembe zake ni ndogo kuliko hata bakteria, ndiyo maana zinaonekana nyekundu.

Kila chembe imevikwa kingamwili, ambazo ni protini. Zinashikaje? Sehemu zenye chaji chanya huvutwa na uso wa dhahabu wenye chaji hasi, zinazokwepa maji hujibanza hapo, na salfa iliyomo kwenye protini huing'ang'ania dhahabu kwelikweli. Upande mwingine hubaki wazi kunasa protini ya kimelea kwenye damu.

Shida ni joto. Kipimo kikiachwa juani, kingamwili huharibika umbo, hazinasi tena. Mstari wa C usipotokea, usiambiwe huna malaria. Omba kipimo kingine.